Geti Lililoungua kwenye Kioo

Baba,

Nimeolewa. Najua ulishasikia, maana kanisani nilikuambia kimoyomoyo kabla sijamjibu pasta, lakini acha niandike pia kwa mkono wangu. Nimeolewa na Kiptoo wa Soy, yule kijana mrefu uliyemwona mara moja tu dukani akimnunulia mama yake chumvi ya ng'ombe, ukasema ana macho ya mtu anayesikiliza. Baba, huyu mtu ananisikiliza hata nikiwa sijasema. Asubuhi ananimiminia chai kwenye kikombe changu cha maua, anakifunika na kisosi isipoe, kisha ananiita polepole kama anayeonja asali. Nekesa. Ninaamka nikicheka. Sikujua binadamu anaweza kuamka akicheka.

Nilitaka barua hii iwe ya furaha tupu. Lakini kuna jambo linanikera, na nimechoka kulinyamazia. Ni ile TV yako ya dukani.

Wakati wa kutoa zawadi, watu walikuwa wanapanga foleni na mablanketi na masufuria yao, emsii akitaja kila jina. Ankol Wafula akaja wa mwisho. Unamjua ndugu yako. Tangu tukuzike ndiye anayetuendeshea duka, kwa sababu mama alisema hawezi kukaa mle bila wewe. Alikuja akicheza, sanduku kubwa limefungwa utepe mwekundu, akamnyang'anya emsii maikrofoni na kutangaza kwamba mtoto wa marehemu ndugu yake hatachungulia TV kwa dirisha la jirani. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama akalia. Mimi nikamkumbatia mbele ya watu wote na gauni langu jeupe. Nikikumbuka nilivyomkumbatia natamani kuoga upya.

Tulipolifungua sanduku nyumbani kwetu, hapa Chepkoilel, niliitambua kabla Kiptoo hajaitoa yote. Ile kona uliyoibandika utepe mweusi wa gundi ilikuwa bado ina alama ya kidole chako. Ankol alikuwa amejinunulia mpya ya dukani, hii ya zamani akaipangusa vumbi, akaifunga utepe.

Hata hilo ningelisamehe, Baba. Kitu kilichotumika si aibu, mimi mwenyewe nililelewa na nguo za binamu zangu. Lakini tuliiwasha. Kiptoo akachomeka flashi yenye video ya harusi, tukakaa tumeshikana mikono kama watoto, nikajiona natoka kwenye gari. Na juu ya gauni langu kulikuwa na geti.

Geti la duka. Nondo zake zote, na ile kufuli. Katikati ya kioo kuna msalaba wa mistari, umekigawa vipande vinne kama vile picha za kamera zako za ulinzi zilivyokuwa. Juu ni geti na stoo, chini ni kaunta na uani. Vyote vimeganda pale, rangi ya chai iliyomwagika kwenye kitambaa cheupe, na hakuna picha inayoweza kuvifunika. Mume wangu akitabasamu, mizani ya kaunta inamkaa mdomoni. Pasta anatubariki, magunia ya pumba yamemjaa kifuani. Kadiri picha inavyong'aa ndivyo uchafu ule unavyoonekana, na harusi, Baba, ni kitu cheupe kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Unajua kilichoiharibu. Miaka yote ile haikuonyesha kitu kingine ila kamera zile, usiku na mchana, mpaka picha zake zikaungua kwenye kioo. Mama alikuwa analalamika kwamba inakula stima, nawe unamjibu, "Ukizima TV, kamera zinalala. Na mwizi halali." Sote tuliamini. Hata Krismasi duka likifungwa TV iliachwa ikijitazama peke yake. Kiptoo nilipomweleza aliniambia kwa upole, kwa heshima yako, kwamba kamera zinarekodi kwenye kile kisanduku chini ya kaunta, na TV ni dirisha tu, hata ikizimwa zinaendelea. Nilicheka mpaka nikalia. Kisha nikalia kweli.

Akaipeleka kwa fundi mjini. Fundi aliitazama tu akasema hakuna dawa, "hii imeona kitu kimoja mpaka ikachoka."

Jumapili mama mkwe wangu akaja na shangazi za Kiptoo, wamebeba maziwa ya mursik na kuku, kuja kuona video. Nilikuwa nimepanga vitambaa vipya vya makochi. Niliwasha. Walitazama wameinamisha vichwa upande mmoja kama wanaojaribu kuona nyuma ya zile nondo. Halafu shangazi mkubwa, yule mwenye utani, akauliza, "Kwani Nekesa, hii harusi yenu mliifanyia ndani ya stoo?" Wakacheka, na hawakuwa na ubaya. Mama mkwe akanishika goti, akasema mtoto wake anapendeza hata akiwa na mizani mdomoni. Lakini mmoja akauliza ni nani alitoa zawadi hiyo. Nilipojibu kwamba ni ankol, mahali pa baba yangu, nikaona wakiangaliana. Huko ndiko kichefuchefu kilikoanzia. Mahali pa baba yangu. Walipima ukoo wetu mzima kwa kile kioo.

Nikaenda kwa ankol dukani. Nilienda na adabu, nikamwambia ile TV imeungua. Hata hakushtuka. Alikuwa ameegemea kiti chako, miguu juu ya gunia, mama mmoja mzee anajivutia mwenyewe gunia la chakula cha kuku hadi mlangoni. Akaniambia bila kugeuza macho, "Hiyo ni kumbukumbu ya baba yako. Ukiiwasha unamwona. Ama umeolewa ukasahau kwenu?"

Baba, nilihisi kutapika. Mtu amekupa taka, ukimwonyesha kwamba ni taka, anaifunika na jina la maiti. Na mama naye akanisihi nivumilie, nisivunje undugu kwa sababu ya kioo. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Si ni kweli ilikuwa ya baba yako?"

Hapo ndipo waliponishika. Je, kama kweli umo mle? Je, nikiitupa nitakuwa nimekutupa wewe? Siku nzima Kiptoo akiwa shuleni kufundisha, nilivuta kiti karibu, nikaweka picha nyeupe tupu, nikakutafuta. Kipande baada ya kipande. Nilikiona kiti chako nyuma ya kaunta, mpaka ule mguu ulioufunga waya. Nikauona msumari na dastkoti yako, lile koti la kazi, inayoning'inia. Nikaliona hata lile gunia la mbegu ambalo hakuna aliyewahi kulinunua. Vyote vimo. Ni wewe tu usiyekuwamo.

Nilikasirika sana. Kwamba kioo kimeshika kufuli vizuri hivyo, kikashindwa kushika uso wako hata kidogo, na wewe ulikaa mbele ya kamera ile maisha yako yote. Mpaka nikajiuliza: ulikaa lini?

Hukukaa. Mtu akiingia, umesimama. Mama yeyote akinunua gunia, unalibeba hadi kwenye bodaboda na kulifunga kamba mwenyewe. Dastkoti ilikuwa kwenye msumari kwa sababu ulisema inakuchelewesha. Na mimi nikitoka shule nilikuwa nasimama chini ya kamera ya geti, nalipungia mkono lile bati na waya wake, na kabla sijagonga ulikuwa umeshafika, unafungua huku unasema, "Ni nani huyu mrembo kwa TV yangu?" Kila siku. Hata siku ile ya matokeo mabaya ya hesabu. Kile kioo kinashika kisichosogea tu. Kimeshika geti limefungwa kwa sababu ndivyo lilivyokaa muda mwingi. Mimi sijawahi kulikuta limefungwa.

Nilipoelewa hivyo, Baba, sikuweza tena kuvumilia kile kitu nyumbani kwangu. Jumamosi Kiptoo aliirudisha sandukuni, mimi nikaifunga na ule ule utepe mwekundu, tukaipeleka. Duka lilikuwa na wateja. Ankol alikuwa kwenye kiti, macho kwa TV yake mpya, vipande vinne vilevile. Nikaiweka kwenye kaunta na kumwambia, "Ankol, nimemtafuta baba humu. Hayumo. Hii ni mali yako."

Akanijibu mbele ya watu kwamba nimekosa heshima, kwamba hawa wa Soy wamenifundisha kiburi. Kiptoo alikuwa anamsaidia mama mmoja na gunia lake. Uone ni kwa nini ninampenda. Nami nikanyoosha mkono, nikazima ile TV mpya.

Ankol aliruka kama aliyemwagiwa maji moto. "Unazima kamera," alipiga kelele, "unataka tuibiwe?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesimama ndani ya duka lako. Nilitaka kumweleza habari za kile kisanduku. Nikaona nimwache. Aliiwasha haraka, akahakikisha geti liko mahali pake, akaketi tena. Miguu juu ya gunia. Na kwenye kipande cha chini nikamwona ankol mwenyewe, mdogo ndani ya kioo, ametulia tuli kwenye kiti chako. Nikamwonea kinyaa, na huruma kidogo. Akiendelea kukaa hivyo, kioo kile kitamshika yeye.

Mama hajaongea nami tangu siku hiyo, isipokuwa jana amenitumia maharagwe mabichi na ujumbe kwamba nisiyachemshe sana. Nadhani tutapona.

Hatuna TV sasa. Jioni Kiptoo anafungua simu yake, tunaegemeza kichwa kwa kichwa, na harusi yetu ni ndogo kama kiganja lakini ni safi, gauni ni jeupe kabisa.

Lala, Baba. Hakuna mwizi wa kulindwa huko. Nakuahidi kwamba nyumbani kwangu, mtu akisimama getini, nitaacha chochote ninachotazama na kwenda kufungua kabla hajagonga. Na Mungu akitujalia mtoto, nitamuuliza kila akirudi, huyu mrembo ni nani.

Wako anayekupungia mkono,
Nekesa