Mvua ya Kwanza na Samaki wa Somo Yangu

S.L.P. 47,
Masasi.
4 Desemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Cuthbert,

Shikamoo yako imenifikia pamoja na vumbi lote la njiani, nami naijibu: marahaba, baba. Hamjambo hapo Kitangari? Wifi yangu Isabela mgongo umemwachia? Na somo yangu, huyo Sabina mdogo wenu, mguu bado unamwasha ndani ya plasta? Sisi huku wazima. Shemeji yako ana mafua yake ya kila mwaka, anakohoa nyumba nzima inasikia, lakini sahani hairudi na kitu. Mgonjwa wa namna hiyo hapelekwi kwa daktari.

Hoteli yangu inakwenda, namshukuru Mungu. Msimu huu wanunuzi binafsi wa korosho wamejaa mjini, kila mmoja na lori lake na mizani yake, na wote wanataka chai na chapati kabla hakujapambazuka vizuri. Wakishakaa wanatazama tangi langu la samaki mpaka chai inapoa, halafu lawama zinanijia mimi. Haya, ndiyo biashara huria hiyo.

Sasa barua yako. Nimeisoma nikaumia. Samaki niliompa somo yangu alipotoka hospitali wamekufa wote, na wewe ukamwambia ni yeye aliyewalisha kupita kiasi. Mtoto kageukia ukutani, chakula hataki, na anataka kushuka kitandani kwa kuwa hana tena cha kukaa akitazama. Cuthbert! Umesahau alivyolia alipoanguka kwenye mkorosho akifuata mabibo? Daktari alisema plasta isipotoka asikanyage chini, la sivyo mfupa wa paja utaunga kombo na atachechemea maisha yake yote. Lile tangi nililitoa kwa ajili hiyo. Mtoto wa miaka minane hatulii kwa kuambiwa tulia. Kwa hiyo usidhani nimekaa hapa nakuandikia habari za samaki tu. Nakuandikia habari za mguu wa mtoto.

Na hakuwaua yeye. Umeniandikia mwenyewe, tena kule mwishoni kama jambo la kupita, kwamba mvua ya kwanza ilinyesha jioni ile, ukafurahi kupona safari ya maji bondeni, ukakinga ndoo chini ya bati, ukamwaga maji yote ya zamani ukajaza mapya. Asubuhi mkawakuta wanaelea. Nilipofika hapo nikavua miwani nikaiweka mezani.

Baba Sabina, toka Juni mnapuliza salfa mikorosho ikiwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, wewe na majirani zako wote. Ule unga wa njano unakaa wapi? Unakaa juu ya bati, pamoja na masizi ya jikoni na mavi ya njiwa. Mvua ya kwanza inaosha bati, na uchafu wote unateremkia kwenye ndoo yako. Mama yetu hakuturuhusu hata kuoshea kunde maji yale. Sisi wenyewe hatuyanywi, samaki tukawanywesha!

Najua kwa nini hukuyamwaga. Mtu aliyekulia Kitangari, aliyeteremka bondeni na ndoo kichwani tangu hajaota meno ya ukubwani, hawezi kumwaga maji yaliyomfuata mlangoni. Hata mimi mkono ungesita. Basi safari nyingine mvua za mwanzo zikinge kwa ajili ya kudekia, bati likishatakata ndipo uwape samaki.

Halafu sabuni. Unaniandikia kwa majivuno kabisa kwamba ulilisugua tangi kwa sabuni ya unga likang'aa. Mungu wangu! Samaki hataki kung'ariziwa. Ule utelezi unaouona kwenye kioo na mawe ndio unaomsafishia nyumba yake. Ukoga ukizidi mbele, futa kwa kitambaa kisafi cha maji matupu, nyuma uache. Sasa hivi lisuuze tangi mpaka ukinusa usisikie harufu yoyote, na mchanga uutupe. Chukua mchanga mwingine wa mtoni, ule mnene, uoshe mpaka maji yatoke meupe. Udongo wa shambani usiulete kabisa, wala usinifanyie ujanja wa kutia samadi eti majani yakue haraka.

Maji yateke leo, yatumie kesho. Yakilala kwenye beseni pana yanatulia, na kama ni ya bomba, dawa yake inapungua. Wala usibadilishe yote kwa mpigo. Kila wiki toa robo tu, rudisha robo. Ile robo iliyotoka usiimwage ovyo, mwagia nyanya za Isabela. Maji ya samaki yana mbolea yake, na wifi yangu akiona nyanya zimenenepa ataacha kunung'unika kwamba anachotea maji viumbe visivyoliwa.

Mimi hotelini nina pampu siku umeme ukiwepo. Wewe huna umeme, kwa hiyo majani ndiyo pampu yako. Nimekung'olea mengine kwenye bwawa la Lisekese, nimeyaosha na kuyakagua konokono. Yafunge kwa uzi kwenye vijiwe ili yasielee, mizizi itashika yenyewe. Tangi likae karibu na dirisha lipate mwanga wa asubuhi, lakini jua kali lisilipige, maji yatakuwa ya kijani kama mlenda. Jani likianza kuoza likate siku hiyo hiyo. Ukiona samaki wamepanda juu wanahema, ujue hewa imewaishia, wabadilishie maji kidogo. Na msimu wa kupuliza ukirudi, funika tangi kwa kanga, na mkono uliotoka shambani usiutumbukize humo.

Kulisha mwachie somo yangu. Ndiyo, yeye mwenyewe. Tangi lisogezwe mpaka alifikie akiwa amelala. Anatia punje chache za pumba laini, anasali Baba Yetu, na akifika Amina chakula kiwe kimekwisha. Kikibaki, kesho apunguze. Huku kwangu, mlipopumzika mlipotoka hospitali, alilisha hivyo wiki nzima na hakufa hata mmoja, kwa hiyo hilo la kupita kiasi sijui ulilitoa wapi. Au tuseme najua. Lilikuwa karibu zaidi kuliko kusema ni wewe.

Barua hii na majani vinatangulia na Dickson, kondakta wa basi la Newala, yule mtoto wa jirani yangu; samaki atawaleta keshokutwa, tangi likiwa tayari. Ni wale wadogo wenye mikia ya rangi, na jike mmoja ana mimba, hawa hawatagi mayai, wanazaa vitoto vinavyoogelea. Watakuwa kwenye mfuko wa nailoni, maji nusu na hewa nusu. Wapokee mwenyewe stendi, usimtume mtu.

Ukifika nao nyumbani usiwamimine. Maji ya mfukoni na ya tangini hayana joto moja, watashtuka wafe. Uweke mfuko wote kwenye tangi, umefungwa vilevile, uelee kama nusu saa. Nusu saa hiyo huna la kufanya, Cuthbert. Hakuna cha kufungua wala kumwaga. Basi kaa kitandani kwa mwanao umwambie kwamba maji mabaya aliyatia baba. Najua kwetu mzazi hamwombi mtoto radhi. Baba yetu hakutuomba hata siku moja, na mpaka leo tukikutana mimi na wewe tunayasimulia yale yale. Mwambie. Ukishamwambia, mpe yeye mfuko aufungue kwa mkono wake.

Msalimie sana wifi yangu Isabela. Mjomba Yeremia mwambie koti lake la mitumba nimelipata, refu la kumfika magotini kama alivyotaka. Chrispin wangu anawasalimu, na shemeji yako pia, kati ya kikohozi kimoja na kingine.

Mungu ampe somo yangu mguu ulionyooka, na wewe akupe ulimi ulionyooka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokufokea,
Sabina