Vibati Vinne vya Maua

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimefanya jambo ambalo hata kulisimulia naona aibu. Mimi ni mpangaji hapa Goba, na kwa miaka mitatu niliyoishi hapa nimekuwa na ugonjwa wa kutafuta mali zilizofukiwa na Wajerumani, nikanunua na mashine ya kusaka vyuma ardhini, nikamwomba mama mwenye nyumba, Mama Felicitas, niipitishe uani kwake, naye kwa wema wake akasema pita tu mwanangu, basi nyuma ya jiko mashine ikalia, nikachimba hadi kiunoni, nikakuta vibati vinne vya shaba vyenye maua, viwili huku na viwili huku, katikati udongo mweusi laini, nikatuma picha kwenye kundi letu la wasakaji, wote wakasema hongera, hayo ni mapambo ya sanduku la afisa wa Kijerumani, nikavisugua kwa ndimu na majivu mpaka vikang'aa, nikafukia shimo, nikampelekea seremala mmoja mzee kule Buguruni anitambulishie. Akavigeuza mara moja tu.

"Hivi ni vya jeneza, braza. Zamani tulikuwaga tunavipigilia ubavuni, mtu mzima sita, mtoto vinne. Umevitoa wapi?"

Mshauri, hapo hapo nikajua ni vya nani. Felicitas alikuwa mtoto wa kwanza wa mama huyu, alifariki akiwa na miaka minne, akazikwa hapo hapo uani enzi Goba bado mashamba, kisha mama akaenda kwao kumuuguza baba yake, huku nyuma mvua kubwa ikaporomosha udongo wa kilima, ikafuta tuta na msalaba wa mti, aliporudi hakupatambua tena, na kila Siku ya Marehemu huwasha mshumaa karibu na tangi la maji kwa kukisia tu. Alishanisimulia yote, ndiyo maana mie nilijua kaburi liko huko kwenye tangi. Jana akaniuliza, "Mwanangu, ulipata nini kule nyuma?" Nikamjibu, "Misumari tu, mama."

Vibati nimevificha kwenye kopo la maziwa. Nivirudishe kimya kimya, au nihame? Najuta sana.

Venance, Goba

Venance, pole, lakini nawe umezidi. Kichwa kimejaa Wajerumani mpaka viwili huku na viwili huku havikukushtua? Hata hivyo, kukosea kutambua kitu cha zamani nakusamehe. Ile misumari ndiyo siisamehe, maana hapo ulikuwa unajua.

Usihame, na usithubutu kurudisha kimya kimya. Mama wa watu anawasha mshumaa pasipo na mtu, na wewe peke yako ndiye unayejua kaburi lilipo!

Acha kuvisugua. Vifunge kwenye kitambaa cheupe, mtafute mwenyekiti wa jumuiya yake ya kanisani, nendeni mchana, kaa chini useme yote bila kujitetea: nilichimba, nilisugua, nilidanganya. Atalia. Huenda akakufukuza nyumba, na ukifukuzwa ondoka bila kinyongo. Wakitaka kuvirudisha kwa sala, jembe ushike wewe.

Miaka mitatu unamwamkia, "Shikamoo, Mama Felicitas." Kesho ukishamwamkia, mpeleke alipo mwanawe.