Mlima wa Dirisha la Jikoni

Mshauri mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi marahaba, tusipotezeane wino. Nisaidie kabla ulimi wangu haujaniponza. Shule nilisoma mpaka mwalimu akachoka, kwa hiyo nukta nitaziweka nikizikumbuka.

Mimi ni fundi rangi mstaafu, nyumba nilizopaka ukizipanga zinafanya mtaa mzima, na nina mwanyumba wangu, yaani tumeoa dada wawili, yeye alikuwa dereva wa mabasi ya safari ndefu na mpaka leo tunamwita Dereva ingawa siku hizi anachoendesha ni maneno tu. Mkewe, shemeji yangu, alitangulia mbele ya haki, na tangu hapo kila Jumamosi alasiri Dereva anakuja kwangu, anavua viatu mlangoni, anakalia kiti changu kizuri bila hata kuomba, na tunatazama kile kichekesho cha zamani cha televisheni wanachokirudiarudia, cha yule mwoka mikate mvivu na mkewe mkali na mama mkwe anayesikiliza nyuma ya mlango, bila shaka unakijua, na kama hukijui nakuonea huruma.

Sasa mji wa watu wale una jina lakini haumo kwenye ramani, na hakuna siku wamesema uko wapi. Hapo ndipo sisi tulipopata kazi ya uzeeni. Mimi nasema uko kando ya ziwa, maana muuza samaki hupita na samaki wake bado wanatikisika kwenye ndoo. Dereva anasema uko milimani, maana kwenye dirisha la jikoni, nyuma ya sufuria, unaonekana mlima mkubwa wa kijani wenye wingu kichwani, na yeye anaapa kwamba aliupita na basi akiwa kijana. "Mwanyumba," ananiambia, "wewe barabara umezijua kwa kuzivuka tu, mimi nimelala juu yake." Namjibu, "Umelala kweli, tena usukani mkononi, ndiyo maana abiria walishuka wakimshukuru Mungu." Mke wangu naye akipita na chai anasema mji ule uko popote pale wazee wawili wanapobishana huku bomba la jikoni linavuja. Tunacheka, chai inapoa, bomba linaendelea kuvuja. Raha tupu.

Balaa limeanza nilipotolewa mtoto wa jicho. Nimerudi kutoka hospitali na jicho jipya, nakaa, naangalia lile dirisha la jikoni, mshauri, ule si mlima! Ni kitambaa kimepakwa rangi! Kushoto kijani kimekolea, kulia kimepauka, na katikati kuna mstari, nami mstari wa namna ile naujua kama kiganja changu: fundi alikwenda kula, aliporudi kopo la pili halikulingana na la kwanza, akasema potelea mbali, nani ataona. Chini ya wingu kuna tone lilichuruzika likakaukia palepale. Halafu mke wa mwoka mikate alipoinua sufuria kumtisha mumewe, kivuli cha sufuria kikaangukia kilele. Mlima gani chini ya jua unafunikwa na kivuli cha sufuria?

Nilitaka kuruka kama mtoto. Dereva sijawahi kumshinda, si kwenye drafti, si kwenye ubishi, si kwenye urefu, na leo nimemshika shati. Mdomo ukafunguka, lakini mke wangu alikwisha kuona macho yanavyong'aa, akaniita jikoni eti nimfungulie kopo, nikamnong'oneza yote, akanishika mkono akasema, "Ukimwambia hivyo, Jumamosi atakaa na nani?" Nikaumeza ushindi wangu bila maji.

Ningeweza kukaa nao tumboni, lakini binti yake Dereva, yule muuguzi, amechukua likizo aje na gari ampeleke baba yake akauone mji wake kabla magoti hayajagoma kabisa. Dereva amenyoa, amenunua kofia, anamtangazia kila anayepita kwamba anakwenda kwenye mlima wa televisheni, na mimi ameniwekea kiti cha mbele nikashuhudie vizuri ninavyoshindwa. Nikinyamaza, atazunguka huko milimani mpaka aaibike mbele ya mwanawe. Nikisema, namvunjia mlima wake na Jumamosi zake, na zangu pia, maana bila yeye kukikalia, kiti kile kizuri hata mimi sikitamani. Na mke wangu ananiangalia kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Nifanyeje? Jibu upesi, ulimi unaniwasha.

Wako,
Brashi Kavu

*

Mzee Brashi Kavu,

Shikamoo. Hiyo umeshinda, ipokee kwa mikono miwili, maana ndiyo ushindi pekee utakaoupata leo.

Hongera kwa jicho, na pole kwa ulichokiona. Sasa nisikilize. Acha kunidanganya kwamba ni huruma tupu. Nusu ya barua yako inamhurumia Dereva, nusu nyingine inalamba midomo. Mwenye huruma tupu hasimulii kivuli cha sufuria kwa utamu ule. Mkeo naye, kwa heshima zote, ameona mbali lakini hajafika. Mtu havui viatu mlangoni kwako kila Jumamosi kwa ajili ya mlima, mzee wangu. Anakuja kubishana na wewe. Mlima unaweza kuanguka na Jumamosi zikabaki, ilimradi ubishi usife.

Kwa hiyo utamwambia, tena kabla ya safari. Lakini usithubutu kusema mbele ya binti, wala mbele ya hao walioonyeshwa kofia. Nenda wewe kwake. Safari hii wewe ndiye uvue viatu, wewe ndiye ukalie kiti chake. Mwambie wazi: mwanyumba, jicho limepona, na mlima wetu ni rangi. Mweleze habari ya kopo la pili. Usicheke. Kicheko kikikubana, kohoa.

Kisha, kabla hajaanza kununa, muulize swali ambalo wewe fundi mzima limekupita: aliyeupaka mlima ule aliuona wapi? Wewe ukipewa kitambaa na kijani, ukaambiwa paka mlima, utapaka upi? Si ule uliokuwa ukiutazama ulipokuwa mdogo? Basi na yule naye alizaliwa mahali. Alisimama na brashi yake, akapaka kilichokuwa kichwani mwake, akaenda kula. Hivyo huenda Dereva alipita chini ya mlima huohuo na basi lake, na wewe huna ushahidi hata chembe wa kumpinga. Ndiyo. Umeshindwa tena. Nilikuonya pale juu.

Safari isifutwe. Binti aambiwe na baba yake mwenyewe, kwa maneno yake, baada ya nyinyi wawili kuelewana, na kama ni mtoto aliyelelewa vizuri atawasha gari tu. Kiti cha mbele mrudishie Dereva, barabara ni zake. Wewe kaa nyuma na chupa ya chai na jicho lako jipya, na kila mlima mtakaoufikia utoe hukumu kama kijani kinalingana na cha kopo la kwanza au la pili. Mkirudi, anza na bomba la jikoni. Mwanamke aliyekuzuia kuvunja undugu anastahili bomba lisilovuja.

Na habari ya ziwa iache kabisa. Wale samaki nimewatazama tangu nikiwa mtoto, ni walewale kila wiki, na yule mwenye doa mkiani ni wa mpira, wanamtikisa kwa uzi. Mji ule uko kwenye uwanda wa juu, upande wa reli. Mwenye masikio anasikia honi ya treni kila mama mkwe anapoanza kulia. Usiniandikie kunibishia.

Au niandikie.

Mshauri wako