Mngurumo wa Kotina Alfajiri

Baba Zamda,

Wali na maharage viko jikoni, nimevifunika kwa sinia. Nawa grisi kwa sabuni kwanza, na usijifutie kanga yangu tena. ~~Sirudi leo.~~ Nitarudi adhuhuri, nimempelekea mama uji kule kwake Cheyo.

Ulipotoka kwenda kutafuta nati, Balozi Mfaume wa nyumba kumi alipiga hodi. Alfajiri uliiwasha Kotina yako kuukuu bila bomba la moshi, eti ingurume kama gari la mashindano, na mtaa mzima ukaamka. Akaniuliza, "Mama Zamda, kulikoni?"

Nilikuwa na hasira nawe, lakini aibu yako ni yangu. Nikamjibu, "Ni mume wangu, anakoroma."

Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Basi akimaliza kukoroma, kesho anipeleke Puge kwenye mkutano wa kijiji cha ujamaa."

Nimekubali kwa niaba yako. Rudisha bomba leo hii, ukaze na kiti cha nyuma, maana balozi atakaa huko. Tangu ununue gari hilo unashinda uvunguni mwake, na mimi hujanipandisha hata mara moja. Mbele nakaa mimi.

Mkeo,
Mama Zamda