Majibu ya Mama

Kilwa Masoko,
Juni 14.

Kwa kaka yangu Abdulatifu,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Lindi, wewe, wifi Naima na watoto. Kifua cha Yasini kimetulia? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillah, ila usingizi umenikimbia, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike badala ya kupiga simu.

Tarehe mbili mwezi huu nilifika kazini kama kawaida. Unajua pale kliniki kila asubuhi kompyuta hutoa orodha ya wagonjwa wanaotakiwa kurudi siku hiyo, na mwenzangu Bashiru huwapigia mmoja mmoja. Siku hiyo jina la kwanza lilikuwa la mzee Nikodemu. Akapokea mkewe, Bi Benadetha, akauliza kwa sauti ya chini ni nani anayemwita mume wake, maana alimzika Machi. Bashiru akaomba radhi, akakata.

Akapiga namba ya pili. Simu ikaita ndani ya mkoba wangu.

Kaka, ilikuwa simu ya mama. Tangu tumzike Aprili natembea nayo, naichaji, sijui kwa nini. Niliiacha iite mpaka ikakoma. Bashiru alihamia kwetu Mei, hakumjua mama, na mlio ule alidhani ni wa simu yangu. Akasema, “Huyu mama hapokei,” akaandika apigiwe tena kesho. Kesho yake saa tatu ikaita tena. Na keshokutwa yake. Nilishindwa kumwambia. Kila ilipoita nilihisi kuna mtu upande wa pili anayemsubiri kweli.

Siku ya nne nilifungua taarifa zake. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Programu mpya tuliyofungiwa Januari ilikuwa inasoma mwezi kwanza. Nilipoingiza tarehe ya mama kurudi, 06/02, yaani Februari sita, yenyewe ikahifadhi Juni mbili. Tarehe zilizozidi kumi na mbili ilizisoma sawasawa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tano, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Nimemweleza mganga mkuu. Fundi Frank amerekebisha: sasa mwezi unachaguliwa kwa jina lake, na tarehe yenye utata inakataliwa. Tumepekua daftari zima tukapata wengine kumi na tisa. Nimewafuata mwenyewe kwa bodaboda, mpaka Kivinje. Wengi wako hai na wameanza dawa.

Sasa kaka, lililobaki ni langu, si la kompyuta.

Mwanzoni mwa Februari mama alikuja kwangu kazini, mkono uko kwenye ule uvimbe wa shingo. Akasema daktari alimwambia majibu ya kile kinyama alichokatwa shingoni kipimwe yatakuwa tayari kabla ya Ramadhani. Nikafungua kompyuta, nikamwambia bado, ni Juni. Akarudia, “Fauzia mwanangu, alisema kabla ya kufunga.” Watu walikuwa foleni. Nikamgeuzia kioo aone, nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba yeye anasahau, hii haisahau. Akaangalia maandishi asiyoweza kuyasoma, akasema haya, akaondoka. Majibu yalikuwa kabatini, hatua sita kutoka kiti changu. Nimeyasoma juzi. Yalisema aanze matibabu haraka.

Siku ya mazishi ulisema muda wake ulikuwa umefika, nami nikaitikia. Sikujua. Leo najua, na siwezi kuendelea kuitikia.

Nakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Kama hutaki kuniona, nitafikia kwa rafiki yangu Zuwena hapo hapo Lindi, wala sitakulaumu. Ila nisikilize kwanza.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akuhifadhi.

Mdogo wako,
Fauzia