Karafuu za Andrea

Matombo,
12 Januari 2025

Kaka yangu Abel,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, wewe na wifi na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha mpaka tumeichoka, barabara ya kushukia mjini imekatika mara mbili, na yule mbuzi wako mwenye pembe moja bado anakula nguo za watu. Grace, mtoto wa marehemu Pendo, anakusalimu mjomba wake. Ameingia darasa la tano na ana mdomo kama wangu.

Ujumbe wako niliupata. Umenisifu kwamba nimeilinda mali ya ukoo, na kwamba ukija Juni utanipa mstari wa juu wa mikarafuu uwe wangu kabisa. Ningekupigia simu, lakini unajua huku mtandao unashika pale kichuguuni tu, na ukisimama pale kijiji kizima kinakusikiliza. Haya ninayokueleza si ya kichuguuni.

Unamkumbuka Andrea alivyokuja kumwoa mdogo wetu Pendo. Suruali moja, jembe la mpini wa kuazima. Mwaka uliofuata ukaja mradi, na yule Diana wa mjini akatuambia kwamba wao hawagawi chochote, wanafundisha biashara. Kila mtu atengeneze kitalu chake cha karafuu, apande, na miche inayozidi awauzie wenzake. Mimi nikachaguliwa katibu wa kikundi kwa sababu ya mwandiko wangu. Miche yangu, kaka, ilikufa yote. Nilisema ni mbuzi. Si mbuzi, sikumwagilia.

Andrea alimwagilia. Kiangazi chote alipandisha ndoo za maji kutoka mtoni, mtu mzima, mpaka utosi ukaota kipara. Miche yake themanini ikashika, na mingine akauza kijiji kizima, hata mimi nikanunua kumi kwake. Alipojenga kile chumba cha bati nilisema mbele za watu kwamba maskini akipata, matako hulia mbwata. Watu walicheka sana. Yeye naye alicheka.

Diana alikuwa amemshauri apande kwao Mvuha, kwenye ardhi ya mama yake, maana miti ni ya miaka mingi. Andrea akaja kuniuliza mimi shemeji yake. Nilijua, kama unavyojua wewe, kwamba ardhi yetu inapita kwa mama, na mume akipanda mti pale, siku mke akiondoka mti unabaki na udongo. Mahindi angevuna akaenda zake. Mkarafuu atauvunaje akaenda nao? Nikamwambia apande hapahapa, yeye ni mtoto wa nyumba hii. Alinishukuru mpaka akanitia kichefuchefu.

Miaka saba ilipita bila tone la faida. Mwaka juzi mikarafuu ikatoa maua ya kwanza, na Pendo akaugua. Hakuuona mwezi wa tatu wa ugonjwa wake.

Hukuwahi kufika kwenye matanga, kwa hiyo hukumwona mtani wetu Pazi. Alikusanya mkeka wa Andrea, jembe lake na lile koti lake, akafunga mzigo, akamtwisha kichwani na kumsukuma hadi njiani akimwambia mgeni, gari lako limefika. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikiwemo. Andrea alizunguka mara moja na mzigo wake kichwani, akatoa faini ya mtani, akarudi kukaa. Alidhani ni utani.

Siku ya arobaini ukoo ulikaa. Tulikupigia simu pale kichuguuni, na wewe ukauliza kama marehemu aliacha neno lolote. Ukasema kama hakuna neno, mila ifuatwe. Kaka, ulihukumu sawa. Neno lilikuwepo.

Siku moja kabla hajakata roho, Pendo alinishika mkono pale wodini. Alisema mikarafuu ni jasho la mume wake, aivune mpaka Grace awe mtu mzima, na ukoo usimguse. Alinitaka niape, nikaapa kwa jina la mama. Na alikuwa ameshamwambia Andrea kwamba mimi, Regina, ndiye nitakayesema. Kwa hiyo siku ile wazee waliponigeukia, Andrea alikuwa ananitazama mdomoni. Nilisema sina la kusema, nikaomba chai iletwe kabla haijapoa.

Aliondoka na mkeka, jembe na koti. Grace ni wetu, kwa hiyo alibaki.

Basi sikiliza la mwisho. Msimu huu nilikosa wachumaji, na hakuna anayeijua miti ile kama yeye. Nikamwita aje kibarua. Akaja, kaka! Alikwea mikarafuu yake mwenyewe, namlipa kwa debe kama wengine. Siku hiyohiyo Diana akaja na wageni wenye kamera kutazama mafanikio ya mradi. Akauliza Andrea yuko wapi, nikasema alirudi kwao kwa hiari yake. Matawi yakatikisika, akashuka na kapu mgongoni. Nilidhani nimeumbuka. Akawaamkia wageni vizuri, akasema kwamba amekuja kumsaidia shemeji. Wakanipiga picha mimi, karafuu kiganjani.

Walipoondoka aliniuliza jambo moja tu. Aliuliza kama Pendo aliwahi kusema chochote siku zile, au roho ilimtoka kabla. Maana amekuwa akifikiri, alisema, labda alighairi. Nikamwambia kwamba Pendo alizungumza sana, ila yeye hakumtaja. Alisema ahsante shemeji, akapanda tena juu.

Sikuambii haya ili umrudishie. Ukijaribu nitakana mbele ya ukoo wote, na wodini tulikuwa wawili tu. Nakuambia kwa sababu sifa zako zimenikosesha usingizi, na sioni kwa nini nikeshe peke yangu.

Nisalimie wifi, mwambie vitenge alivyotuma vimefika. Watoto wasome. Pole na kazi, na Mungu akulinde mpaka tutakapoonana Juni. Nimemwachia wakala wa basi pale Msamvu kifurushi cha karafuu za pilau, akutumie huko Mwanza. Mpike mle bila wasiwasi. Amezichambua Andrea mwenyewe, hazina hata kikonyo kimoja.

Mdogo wako,
Regina