Mdhamini wa Lidia

Jumatatu, 3 Juni 2024

Wakili wa hapa Mbinga hakunisikiliza hata dakika tano. Kijana, viatu vinang'aa. Eti niandike wosia tu, yaishe. Nikamwambia binti yangu Lidia ana miaka ishirini na minne, ana kifafa, hata gauni anavalishwa. Nikifa, wosia utamvalisha? Akaangalia simu yake. Nimetoka bila kuaga. Mimi Izidori!

Alhamisi, 6 Juni

Songea. Wakili Jacqueline — huyu ana masikio! Ipo njia, anasema: lile shamba la kahawa nililonunua mwenyewe liwekwe chini ya mdhamini. Yeye alisimamie, mapato yamtunze Lidia maisha yake yote. Kaka yangu Tadei hataligusa. Nusura nimkumbatie mama wa watu. Kisha akauliza, mdhamini nani? Mzee, una mke? Ninaye. Yuko wapi? Ziwani kwao, Ngumbo. Mwaka wa kumi na moja huu.

Amenipa fomu, nafasi ya jina ikiwa wazi.

Jumapili, 9 Juni

Tadei kaja baada ya misa, anafoka. Mtoto ni wa ukoo, shamba ni la ukoo, wakili wa nini? Ndiye huyuhuyu aliyesema kwenye msiba wa mama kwamba kifafa cha Lidia kimetoka ziwani, kwa kina mke wangu Rosina. Rosina mwenyewe amekaa pale! Nikanyamaza. Rosina akafunga mizigo yake, akarudi kwao. Wazee wakamkatalia kuondoka na mtoto, mtoto ni wa baba. Nikanyamaza tena.

Nina hamu na mke wangu. Haya, nimeandika. Hata ukali wake naukumbuka, na alivyonitania kwamba Wamatengo tunapenda maharage kuliko watu.

Jumatano, 12 Juni

Kahawa imeiva mpaka matawi ya chini, nami nafunga safari! Majirani wanacheka. Wacheke. Nimeandika jina la Rosina kwenye fomu. Wakili kasema kwenye simu: lazima akubali mwenyewe, atie saini. Kesho nateremka na Lidia, na debe la maharage.

Ijumaa, 14 Juni

Ngumbo. Tumemkuta Rosina anaanua usipa, dagaa wa ziwani. Ana mvi. Maneno niliyopanga njia nzima yakapotea yote. Nikasema tu: nilinyamaza, nilikosea. Alikuwa anamtazama Lidia. Lidia haguswi uso na mtu, mimi mwenyewe hunipiga — kamwacha mama yake amnawishe!

Rosina kaisoma fomu mara mbili. Atasaini. Ila hasubiri nife, anasema. Lidia abaki kwake kuanzia leo.

Nikauliza, na mimi je?

"Wewe una ndugu zako, Baba Lidia."

Niko nyuma ya nyumba na daftari hili, mtu mzima najificha. Ndani Lidia anacheka. Kwangu hacheki hivyo. Nimemuogesha na kumlisha miaka yote hii, nyumba ile nitaingia na nani? Gari la kurudi ni saa saba. Rosina ananiita, kashika kalamu, anataka jibu, Lidia abaki au la, na mimi…